Mwongozo kamili: Jinsi ya kupata kidoti cha siri na kuingia chumba kilichofichwa kwenye Adventure ya Atari 2600

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "nimefika mpaka ngome nyeusi, nimezunguka weee, kidoti sikioni" au "kidoti ninacho lakini ukuta haufunguki". Sasa leo tunamaliza hii kitu moja kwa moja. Historia ya gemu sitaielezea, jua tu kwamba ni Adventure ya Warren Robinett, imetoka 1980, na Atari enzi hizo walikuwa hawaandiki jina la mtengenezaji kwenye gemu, kwa hiyo jamaa akaficha jina lake ndani ya gemu lenyewe, kwenye chumba ambacho huwezi kuingia bila kupeleka kitu cha pikseli moja (ndicho hicho kidoti) chenye rangi ile ile ya sakafu. Ndiyo maana watu hawakioni, kimetengenezwa kisionekane.

Wengi wanaofeli hawafeli kwa sababu ya majoka, wanafeli kwa sababu hawajui kwamba kwenye hii gemu namna unavyokigusa kitu ndivyo utakavyokibeba. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imeisha. Nitalirudia mara nyingi humu chini, vumilia tu.

## Vitu unavyohitaji

Gemu lenyewe. Njia za halali zipo kadhaa, mfano: kaseti ya zamani kwenye konsoli ya Atari 2600 yenyewe, Atari 2600+ ya 2023 ambayo inasoma kaseti za zamani na inakuja na kaseti ya gemu 10 ambayo Adventure imo, au mkusanyiko wa Atari 50 uliotoka 2022 kwa PC na konsoli za kisasa.

Ukitumia kompyuta, emuleta ya Stella (programu inayoiga mashine ya Atari) ni ya bure na ndiyo ningekushauri uanze nayo kama unayo faili ya gemu. Batani za kukumbuka: mishale ya kibodi ndiyo joistiki, Space ni ya kuachia kitu, F1 ni Select, F2 ni Reset, F9 kusevu na F11 kurudi pale uliposevu. Hiyo F9 ni rafiki yako mkubwa leo.

Muda. Kaa na nusu saa au zaidi ambayo hakuna mtu atakusumbua. Gemu hii haina kusevu kwake yenyewe, ukizima umeme umerudi mwanzo (na kwa huku kwetu umeme wenyewe tunaujua).

Karatasi na kalamu. Najua unaona ushamba ila chora. Mizingile ya hii gemu haiendi kama macho yanavyotegemea, unatoka juu unatokea pembeni, bila kuchora utazunguka humo humo.

## Majina ya vitu, tusipotezane

Wewe ni kile kimraba kidogo, basi, hakuna mtu wala mikono. Kuna ngome tatu: ya dhahabu, nyeupe na nyeusi, kila moja na ufunguo wa rangi yake. Kuna upanga ambao umekaa kama mshale, daraja, sumaku nyeusi, na kikombe kinachobadilika badilika rangi.

Maadui ni majoka matatu: Yorgle wa njano, Grundle wa kijani na Rhindle mwekundu ambaye ndiye mwenye mbio kuliko wote. Halafu kuna popo. Popo haumi, ila anaiba, anakuja na kitu kimoja anakiacha anaondoka na chako.

Unabeba kitu kimoja tu kwa wakati. Ukigusa kingine unabadilishana hapo hapo bila kuulizwa. Hii sheria ndiyo inawaliza watu kwenye hatua ya 6, tutafika.

## Hatua ya 1: Chagua gemu namba 2

Bonyeza Select mpaka uone 2 kwenye skrini, halafu Reset uanze.

Usicheze namba 1. Gemu namba 1 ni ya kujifunzia, ngome nyeusi humo haina ule mzingile ambao kidoti kimefichwa, kwa hiyo unaweza kutafuta mpaka kesho. Namba 3 inatawanya vitu ovyo kila ukianza, ni nzuri ila siyo ya kuanzia.

Swichi zote mbili za ugumu ziweke B. Ya kushoto ikiwa B majoka yanasita kidogo kabla ya kuuma, na huko kusita ndiko kunakokupa nafasi ya kuchomoka. Ya kulia ikiwa B majoka hayaukimbii upanga, maana ukiiweka A unaanza kufukuzana nao kila kona.

Imefanikiwa kama: umesimama mbele ya ngome ya dhahabu na upanga upo hapo hapo karibu nawe.

## Hatua ya 2: Jifunze kushika vitu

Usiondoke hapo kwanza. Gusa upanga, utasikia mlio, umeubeba. Uachie kwa batani. Sasa uguse tena kwa upande mwingine, uangalie umekaa wapi. Umeona? Kitu kinaganda pale pale kilipogusana na wewe na kinabaki hivyo mpaka ukiachie.

Kwa nini ninasisitiza: ukishika upanga ukiwa nyuma yake, ncha inatangulia na joka likija linajichoma lenyewe. Ukiushika vibaya, upanga unakufuata nyuma, joka linakukuta mwili mtupu. Ufunguo nao ushike ukiwa chini yake ili ukipanda kwenye geti ufunguo ndio uguse kwanza. Na daraja, ah, daraja tutaongea.

Fanya hivyo mpaka mkono uzoee, maana huko mbele ndani ya giza hutakuwa na nafasi ya kufikiria.

## Hatua ya 3: Ua majoka au jua namna ya kuyakwepa

Mwanzoni mwa gemu ya 2 Grundle yupo kwenye mzingile wa bluu, Yorgle yupo ndani ya ngome nyeupe, Rhindle yupo ndani ya ngome nyeusi na kikombe. Nasema mwanzoni kwa sababu yakikuona yanakufuata chumba kwa chumba, na popo naye anaweza hata kulibeba joka zima akakuletea.

Ushauri wangu ua Grundle mapema kwa sababu mzingile wa bluu utaupita mara nyingi. Yorgle ana udhaifu, anauogopa ufunguo wa dhahabu, ukiwa nao anakukimbia.

Ukimezwa usipaniki na usibonyeze Select. Bonyeza Reset peke yake. Unazaliwa upya mbele ya ngome ya dhahabu, vitu vyote vinabaki pale vilipokuwa, hasara ni moja tu, majoka uliyoyaua yanafufuka nayo. Ukibonyeza Select umefuta kila kitu, kazi yote maji.

## Hatua ya 4: Funguo mbili na daraja

Lengo hapa ni kufungua ngome nyeusi na kuwa na daraja mkononi mbele ya geti lake. Mpangilio wa mwanzo wa gemu ya 2 uko hivi:

Ufunguo mweupe uko kwenye mzingile wa bluu. Kutoka ngome ya dhahabu unashuka chini, unakwenda kushoto, halafu unapanda, ndio unaingia huo mzingile. Ukiufuata mpaka mwisho unatokea ngome nyeusi.

Daraja na ufunguo wa dhahabu viko kwenye mzingile wa giza ulio nje ya ngome (siyo ule wa ndani ya ngome nyeusi), ule ambao unaona kipande kidogo tu kinachokuzunguka. Humo ndipo karatasi inapolipa. Nenda taratibu, gusa ukuta, chora, usikimbie kwa sababu ukivuka ukingo wa skrini bila kujua umetokea wapi unaanza upya.

Ufunguo mweusi uko ndani ya ngome nyeupe na Yorgle anazunguka humo, kwa hiyo ufungue kwanza nyeupe kwa ufunguo wake, halafu uingie na upanga au ufunguo wa dhahabu. Ukifika mahali ufunguo unauona lakini ukuta unakuzuia, rudi ulete daraja, kazi yake ni hiyo.

Usipokuta kitu mahali nilipotaja, popo kakipitia. Usianze kumfukuza. Endelea na kitu kingine, yeye mwenyewe atapita na kukiacha sehemu, huwa habebi kitu kimoja muda mrefu.

Tahadhari ya geti: ukiligusa na ufunguo linafunguka, ukiligusa tena na ufunguo huo huo linafunga. Likishafunguka rudi nyuma hatua kadhaa, achia ufunguo pembeni, ndiyo uendelee.

Imefanikiwa kama: geti jeusi liko wazi, Rhindle amekufa, na daraja liko nje karibu. Hapa sevu na F9 kama uko kwenye Stella. Kwa Rhindle ingia na upanga kwanza bila daraja, muue, halafu urudi nje ulifuate daraja. Kuingia na daraja wakati yule mwekundu yuko hai ni kujitafutia kifo, daraja halikulindi na chochote.

## Hatua ya 5: Peleka vitu viwili chumba cha mwisho KABLA ya kufuata kidoti

Hii hatua watu wanairuka halafu wanalalamika ukuta haufunguki. Chumba chenyewe kiko hivi: kutoka mbele ya ngome ya dhahabu shuka chini, halafu nenda kulia. Mwisho wa hicho chumba upande wa kulia kuna mstari mwembamba wa kusimama, mweusi. Huo ndio ukuta wetu. Upande wa kushoto nako kuna chumba chenye mstari unaofanana, huo hauhusiki, usiuhangaikie.

Peleka hapo angalau vitu viwili. Mimi napendelea ufunguo mweupe na ufunguo wa dhahabu kwa sababu kwenye kazi ya leo hazihitajiki tena. Upanga nao unafaa kama majoka yote yamelala. Viweke sehemu ya kushoto ya chumba, mmoja juu kabisa mwingine chini kabisa, katikati paache pawe njia yako.

Sumaku usiilete humu. Inavuta vitu vilivyo kwenye chumba kimoja nayo, ule mpangilio wako wote unasogea, na unaweza kukuta ufunguo umekaa katikati ya njia.

Kikombe kinaweza kutumika kama moja ya hivyo vitu ila chunga sana usikipitishe ndani ya ngome ya dhahabu, kikiingia tu gemu limeisha umeshinda, na ushindi huo siyo tunaoutafuta leo.

Kwa nini vitu viwili? Atari 2600 inaweza kuchora vitu viwili tu kwa wakati mmoja kwenye hii gemu. Vikizidi, inavipokezana, kimoja kinawaka kingine kinazima, haraka haraka, ndiyo kule kumetameta unakoona kwenye vyumba vilivyojaa. Ule mstari mweusi nao siyo ukuta wa kawaida. Ukijaza chumba, mstari unaanza kumetameta, na pale unapozimika ndipo unapopenya. Kidoti ndicho kinachokamilisha hesabu. Robinett aliyachukua mapungufu ya mashine akayageuza kuwa kufuli, na hapo mimi namvulia kofia kabisa, mashine ina baiti 128 za kumbukumbu ya kufanyia kazi na bado mtu kapata pa kufichia chumba.

## Hatua ya 6: Kidoti

Sasa ndiyo penyewe. Soma yote kabla hujaingia.

Shika daraja ukiwa juu yake, yaani wewe juu, daraja limening'inia chini yako. Daraja la hii gemu linavusha juu na chini tu, halivushi kushoto na kulia, kwa hiyo unatafuta ukuta wa kulala wa kuuvuka, siyo wa kusimama.

Ingia ngome nyeusi. Ndani kuna mzingile wa giza wenye skrini kadhaa. Unayoitafuta ni skrini ambayo sehemu ya chini, katikati, kuna kichumba kidogo kilichozibwa pande zote, hakina mlango. Watu wengi wanakipita wakidhani ni unene wa ukuta. Kwa sababu unaona kidogo tu, pita kila skrini ukikwangua kingo za chini na uchore.

Ukikipata, simama juu ya ukuta wake wa juu, shusha daraja mpaka kipande chake kiwe ndani ya kichumba na kipande kingine kiwe nje, achia. Jaribu kushuka katikati ya reli zake mbili. Kama unagonga, daraja liko fupi au limepinda upande, ligusie tena kutoka juu, urekebishe. Usiligusie kutoka pembeni, litaganda pembeni yako na utapata tabu kulipanga tena.

Ukishaingia ndani, nenda chini kabisa ukaguse ukuta wa chini, sehemu ya katikati, halafu sogea kidogo kushoto, gusa, sogea kidogo kulia, gusa. Taratibu. Hutakiona, kwa hiyo usitumie macho, tumia masikio. Sauti ya simu au redio zima, maana ule mlio wa kushika kitu ndio ushahidi wako wa kwanza. Ukiusikia na wewe hukuwa karibu na daraja, umekishika.

Kuanzia hapo mambo mawili ni haramu:

Usibonyeze batani. Ukibonyeza umekiachia, na sasa hakionekani na hujui kimeangukia wapi.

Usiguse kitu kingine chochote, hata daraja lenyewe. Kupita katikati ya reli ni sawa, ila ukigusa reli umebadilishana, umebeba daraja na kidoti kimebaki chini. Hapa ndipo wanapokwama watu wengi zaidi kuliko sehemu yoyote ile ya gemu. Mtu anatoka kichumbani kwa haraka, anasikia mlio, anafikiri ni kawaida, anakwenda mpaka chumba cha mwisho mikono mitupu. Ukisikia mlio wakati unatoka, simama, achia daraja vizuri, rudi ndani ukatafute upya.

Namna ya kuhakikisha kwamba unacho: ukifika kwenye vyumba vyenye kuta za rangi, jibane na ukuta upande ule ulipokigusia. Kitu unachobeba kinapita juu ya ukuta, na kidoti cha kijivu kikikaa juu ya ukuta wa rangi kinaonekana kama kitundu kidogo sana. Ukikiona hicho kitundu kinatembea na wewe, sevu tena.

## Hatua ya 7: Kurudi

Toka ngome nyeusi, pita mzingile wa bluu, ingia chumba cha kushoto, halafu kile cha chini ya ngome ya dhahabu, halafu kulia. Ufunguo mweusi uliouacha nje ya geti usiusogelee.

Popo akitokea, mkwepe. Mpishe, subiri atoke kwenye skrini, ndiyo uendelee. Joka likikumeza humu njiani kidoti kinabaki pale ulipomezwa, kwa hiyo kabla hujabonyeza Reset angalia vizuri uko skrini gani na sehemu gani, weka alama kwenye karatasi, utarudi kukitafuta hapo kwa mlio kama ulivyofanya kule ndani.

## Hatua ya 8: Kupenya

Ingia chumba cha mwisho kwa kupita katikati, bila kugusa zile funguo mbili. Angalia mstari mweusi. Kama umeanza kumetameta kwa kasi, hiyo ndiyo dalili. Usiachie kidoti, sukuma tu kulia, endelea kusukuma usikate tamaa kwa sekunde ya kwanza, utapenya.

Kama mstari umetulia tuli, sababu zinaweza kuwa hizi. Huna kidoti, ulikipoteza kwenye daraja au njiani, rudi kafanye ile kitu ya ukuta wa rangi. Au popo amepita akachukua moja ya vitu vyako kikabaki kimoja. Hapo achia kidoti karibu na ukuta wa kulia, kumbuka sehemu kamili, nenda kalete kitu kingine na uweke kushoto, halafu jaribu kusukuma. Kidoti kikiwa ndani ya chumba hicho inatosha, siyo lazima uwe umekishika.

Na kama uko kwenye chumba chenye mstari upande wa kushoto badala ya kulia, basi umepotea tu, vuka chumba cha katikati uende upande wa pili.

Ukipenya utakuta chumba kina maandishi yanayobadilika rangi, "Created by Warren Robinett". Hakuna zawadi, hakuna pointi, na gemu haliishii hapo. Unaweza kutoka kwa kurudi kushoto, kachukue kikombe, kipeleke ngome ya dhahabu, umalize gemu la kawaida kama kawaida.